Mbwa wa Babu Jirani

Mimi ninaishi Nakivale, wilaya ya Isingiro. Kambi yetu ilianza mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda. Sisi Wakongo tulikuja baadaye. Babu jirani yetu alikuwa mwindaji huko Ituri. Alipokimbia vita alivuka mpaka na mbwa wake.

Babu alinieleza kwamba mbwa wa kuwinda wa kwao habweki sana. Anavalishwa kengele ya mti shingoni, ili mwindaji ajue yuko wapi msituni. Baadaye nilisoma kwamba mwanamke Mwingereza, Olivia Burn, alipeleka mbwa wa namna hiyo Uingereza, na mwaka 1937 watu wakajaa kuwatazama kwenye maonyesho ya Crufts. Wazungu wakawaita Basenji. Neno hilo lina mzizi mmoja na neno letu "washenzi". Niliumia. Mbwa alipendwa Ulaya, lakini watu waliomfuga wakabakiwa na tusi.

Babu alifariki mwaka jana. Mbwa alilala mlangoni kwake siku tatu bila kula. Nilimleta nyumbani, Mama akasema: "Mwanangu, sisi wenyewe tunakula mgawo, huyu atakula nini?" Nikamjibu atakula kwenye sahani yangu. Kisha nikampeleka Mbarara kupata chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kengele nimemvua, kwa sababu hawindi tena. Mimi ninamwita Rafiki. Basenji sitamwita.