Mizinga miwili ya Ngomeni na kosa langu

Wanangu, leo naanza na kosa, tena langu mwenyewe.

Mwaka jana nilipiga video pale Fort Jesus. Kofia nimeigeuza nyuma, simu mkononi, nikasimama mbele ya ile mizinga miwili mirefu ya chuma, nikasema kwa sauti ya mtu anayejua: "Hii ndiyo mizinga ya Wareno, iko hapa tangu 1593." Video ikatembea kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikavuka feri kurudi Likoni najiona profesa, na chuo niliacha mwaka wa pili.

Wiki mbili baadaye mdogo wangu wa kidato cha pili akarudi nyumbani na daftari la historia. Alikuwa ameandika insha kuhusu Ngome, na ndani yake ameweka mizinga yangu ya 1593. Mwalimu kapiga mkwaju mwekundu na kuandika pembeni: "Umetoa wapi?" Mtoto akaniangalia tu. Hakusema kitu. Wallahi afadhali angenitukana.

Swali lile likanikaa kichwani, manake kusema kweli sikuwa nimetoa popote. Nilisikia mtu akisema, naye alisikia kwa mtu. Ngome ilianza kujengwa na Wareno 1593, hiyo ni kweli. Basi mimi nikaona kila kitu kilichoko pale ni chao, kana kwamba Wareno waliondoka jana wakatuachia funguo.

Jumapili nikapanda matatu mpaka Changamwe kwa mzee mmoja tunayemwita Ami. Ni fundi mstaafu, maisha yake yote amekereza vyuma karakanani. Watu humchekea kwa sababu anapenda mambo ya mizinga na bunduki za zamani, na hajawahi kumiliki hata moja.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mizinga ya Wareno?"

Kumbe ilishamfikia. Akaniuliza swali moja tu: "Mzinga mkubwa wa zama za Mreno ulitiwa risasi wapi?" Nikakisia: mdomoni. "Sawa. Unamimina baruti kwa mbele, unasukumia na tufe. Na ile uliyosimama mbele yake je?" Nikakaa kimya. "Unaona? Ulikuwa unaiangalia simu, hukuuangalia mzinga."

Akanieleza polepole. Mizinga ya kale ilimwagwa kwa shaba nyeusi au chuma cha kusubu, minene, mifupi, na ndani yake laini. Ile miwili imetengenezwa kwa chuma cha pua, mtutu ni mrefu na mwembamba, ndani una mistari inayozunguka ili kombora lizunguke linapotoka, na kombora lenyewe huingizwa kwa nyuma. Hicho ni kiwanda cha mwisho wa karne ya 19. Mreno alikuwa ameshafukuzwa Mombasa Desemba 1698 na Waomani, baada ya kuzingirwa karibu miaka 3. Hangeweza kuuacha hapa mzinga ambao haujabuniwa.

Halafu kuna jambo ambalo ningelijua kama ningesoma hata ukurasa mmoja. Kati ya 1631 na 1875 Ngome ilitekwa na kupotezwa mara 9. Wareno, Waomani, Wamazrui, halafu Waingereza wakaigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958. Kila aliyekuja alileta vyake. Kwa hivyo ukisema "mizinga ya Fort Jesus" bila kusema ya nani, ni kama kusema "abiria wa feri". Yupi sasa?

Basi ile miwili ni ya nani? Hapa ndipo hadithi inakuwa tamu kuliko uongo wangu.

Mmoja ni wa meli ya Kijerumani, Königsberg. Mwingine ni wa meli ya Kiingereza, Pegasus. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, Pegasus ilikuwa imetia nanga Zanzibar ikitengenezwa mitambo. Königsberg ikatokea ghafla na kuanza kufyatua. Mizinga ya Mjerumani ilifika mbali zaidi, makombora ya Pegasus yakawa yanaanguka baharini kabla ya kufika. Haikuchukua hata saa moja. Mabaharia 38 wa Pegasus walikufa, baadhi yao wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, ambacho kwa ajili yao na wengine kinaitwa Kisiwa cha Makaburi. Meli ikazama siku hiyo hiyo.

Königsberg nayo ikaenda kujificha ndani ya delta ya Rufiji. Waingereza wakaiziba njia kwa miezi, mpaka wakaleta meli mbili zinazoweza kuingia kwenye maji madogo, Severn na Mersey. Tarehe 11 Julai 1915 ikaharibiwa vibaya, na nahodha wake, Max Looff, akaamuru izamishwe. Lakini Wajerumani waliitoa mizinga yake yote 10, wakaiwekea magurudumu na kwenda kupigana nayo bara. Waingereza nao walikuwa wametoa mizinga ya Pegasus majini, wakaipeleka vitani vilevile. Na si Mjerumani wala Mwingereza aliyeivuta milimani. Walioivuta kwa kamba ni watu wetu, wapagazi, wale ambao jina lao limebaki kwenye mitaa ya Kariakoo na Kariokor. Meli tunazijua kwa majina. Wao hatuwajui.

Leo mzinga mmoja wa Königsberg uko Pretoria, mwingine Jinja, Uganda, na mwingine uko hapa kwetu, jirani na wa Pegasus. Maadui wa Zanzibar wamesimama pamoja Mombasa na watalii wanapiga picha.

Nikasisimka. Nikamwambia Ami nafanya video nyingine usiku huohuo. Akacheka. "Upi ni wa Mjerumani?" Nikasema ule mkubwa. "Mkubwa upi? Umepima?"

Haya sikilizeni. Mdomo wa mzinga wa Königsberg una kipenyo cha milimita 105. Wa Pegasus ni inchi 4, yaani milimita 101.6. Tofauti ni milimita 3.4 tu! Na mitutu yote miwili ina urefu wa kama mita 4. Ukipima kwa jicho umeumia. Ami akanichorea njia ya pili kwenye karatasi ya mkate: namna nyuma inavyofungwa. Mjerumani alipenda kipande cha chuma kinachoteleza kando, kama droo. Mwingereza alitumia kizibo chenye nyuzi za skrubu, unakizungusha kidogo kisha kinafunguka kama mlango. Watu wawili waliosomea shule mbili tofauti. Ukishaijua ile tofauti, hata mtu akibandika kibao cha uongo, chuma kitamkana.

Akanipa kanuni yake, nami naitoa hapa bure. Kwanza kiangalie kitu chenyewe: umbo, kipimo, alama. Pili tafuta karatasi ya wakati ule. Tatu sikiliza watu, lakini muulize kila mmoja alikitoa wapi. Vyote vitatu vikikubaliana, sema. Kimoja kikikataa, nyamaza kwanza.

Si kanuni ya mzee wa Changamwe peke yake. Mbele ya Ngome, baharini, kuna meli ya Kireno iliyozama 1697 wakati wa ule mzingiro, Santo António de Tanná. Kati ya 1977 na 1980 wanaakiolojia walizamia pale, wakapandisha vitu kimoja kimoja, wakavilinganisha na maandishi ya Wareno. Jina la meli halikutoka kwenye porojo za bandarini. Vitu vyenyewe viko ndani ya makumbusho ya Ngome, nendeni mkaone.

Najua kuna mtu anasema: we kijana, milimita 3 za mzinga wa 1914 zinanihusu nini? Mimi ni wa Likoni, wacha nikwambie.

Usiku wa Agosti 13, 1997, kabla sijazaliwa, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi na kubeba bunduki. Vurugu zikaenea kusini mwa pwani. Takriban watu 100 waliuawa na maelfu wakahama, wengi wao majirani zetu waliotoka bara. Mama hunisimulia kwamba kilichowatisha zaidi baada ya ule usiku kilikuwa maneno. Eti nyumba fulani ina bunduki. Eti leo usiku wanarudi, wako wengi. Hakuna aliyeona, kila mtu alisikia. Familia ya mlango wa pili ilifunga mizigo kwa sababu ya bunduki ambayo mpaka leo hakuna aliyeiona, na hawakurudi tena.

Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa 1998 kuchunguza mapigano yale na mengine nchini. Ikasikiliza mashahidi, ikamaliza ripoti 1999. Wananchi tukaruhusiwa kuiona 2002. Hesabu mwenyewe: miaka 5 tangu ule usiku. Miaka 5 ya "nimesikia". Ukweli ukifungiwa kabatini, uongo haukai ukiusubiri.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia mtu akizungumzia silaha, iwe ya mwaka 1500 au ya jana mtaani Kisauni, namuuliza swali la yule mwalimu.

Ile video ya 1593 sikuifuta. Kuifuta ni kujifanya sikukosea, na wale walioiona wangebaki na uongo wangu. Nimeweka maneno mwanzoni kabisa: "Nilikosea, na hivi ndivyo nilivyojua." Kisha nikafanya mpya. Imetazamwa na watu wachache sana kuliko ile ya uongo. Imeniuma, sitadanganya.

Lakini Jumamosi moja nilivuka feri na mdogo wangu mpaka Ngomeni, na ile karatasi ya mkate mfukoni. Aliizunguka ile mizinga kama fundi anayekagua gari, akarudi tena, akaandika. Insha mpya ameshaipeleka. Chini kabisa, bila kuambiwa na mtu, amemjibu mwalimu wake: "Nimetoa Ngomeni. Tulienda tukaangalia."