Kasiksi, kanyanga na kiu isiyoisha

Huku kwetu Kivu pombe haikuanza kama ugonjwa. Wazee walivundika ndizi ndani ya shimo, wakazikamua kwa majani, wakaongeza maji na unga wa mtama uliokaangwa, wakangoja siku chache: kasiksi tayari. Ilinywewa kwa mirija siku ya mahari, ya kilio au ya kulima pamoja. Ikiisha, kila mtu kwake, hadi ndizi zingine zivunde. Haikuwa kali sana, wala haikukaa muda mrefu bila kuharibika. Huo ndio ulikuwa mpaka wake.

Kanyanga ilivunja mpaka ule. Ni pombe ya mvuke, kali, inayokaa ndani ya chupa miezi na miezi. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na ule wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919 ukarudia katazo. Lakini sheria ilitazama chupa, haikumtazama mnywaji.

Mnywaji ana safari yake. Kwanza anakunywa kwa furaha. Mwili ukizoea, kipimo cha jana hakitoshi leo. Kisha asubuhi mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unapiga mbio, na glasi moja inatuliza yote. Hapo utamsikia: "Leta moya tu, mikono itulie." Hanywi tena kwa raha, anakimbia maumivu. Hata akiacha miezi, harufu tu, huzuni au rafiki wa zamani vinaamsha kiu. Ndiyo sababu wengi wanarudia, nasi tunasema: "Ule mutu hana akili."

Hapa Goma, vita tangu miaka ya 1990 na lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 viliwaachia wengi usiku bila usingizi. Kanyanga ikawa dawa ya bei ndogo.

Kuna jamaa wanaomfungia mlevi chumbani ili aache. Ni hatari. Aliyekunywa sana kwa miaka, akiachishwa ghafula, anaweza kupata kifafa siku mbili za kwanza, kisha akachanganyikiwa na kuona visivyoonekana. Wengine wanakufa. Tunalaumu uchawi, kumbe mwili unadai pombe uliyoizoea.

Basi apelekwe kwa muganga wa hospitali, apunguziwe maumivu kwa dawa. Tulizo Letu, kituo cha Ndugu wa Upendo hapa mjini, kinatunza magonjwa ya akili. Akirudi nyumbani, tusimkaribishe kwa glasi. Na siku kiu ikimrudia, tusimcheke: tumrudishe kwa muganga.