Ali Mazrui, Lugalo na Ulinzi wa Afrika

Atokaye Sinza akapita Mwenge na kuishika barabara ya Bagamoyo haendi mbali kabla ya kuifikia kambi ya Lugalo, ambayo zamani ikiitwa Colito, na ambamo, usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Mwalimu Nyerere, ambaye nchi yake ilikuwa na umri wa miaka miwili tu ya uhuru, hakuwa na jeshi jingine la kutegemea. Ikambidi, kwa fedheha kubwa, aombe msaada kwa wale wale waliokuwa wakitutawala, na tarehe 25 makomando wakashuka kambini kwa helikopta kutoka manowari Centaur, wakauzima uasi ule asubuhi moja. Baadaye askari wa Nijeria ndio walioshika mahali pao.

Mambo hayo yalimshughulisha sana kijana wa Mombasa aliyekuwa akifundisha Makerere, Ali Mazrui, mzaliwa wa 1933 na mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali, Kadhi Mkuu wa Kenya. Katika kitabu chake cha 1967, Towards a Pax Africana, aliuliza ni nani atakayelinda amani ya Afrika, akajibu kwamba ni Waafrika wenyewe.

Huko Marekani, Hans Morgenthau alikwisha kuieneza, tangu 1948, nadharia ya uhalisia, isemayo kwamba dola hazina hakimu aliye juu yao, na kwa hiyo kila moja huongozwa na maslahi yake na kiasi cha nguvu zake. Mazrui hakuwa mfuasi wa madhehebu hayo, kwani aliuthamini mno utamaduni, na dini, na utu wa mtu mweusi. Lakini alikubali bila kusita kwamba uhuru usio na nguvu ya kuulinda ni amana iliyo mikononi mwa wengine. Mwaka 1979, katika mihadhara yake ya BBC, alifika hata kunena kwamba Afrika nayo imiliki silaha za nyuklia, ili wakubwa watishike na kuziharamisha kwa wote. Hapo, kwa maoni yangu, alipita mpaka, maana tiba hiyo ina hatari kuliko maradhi. Ila dhuluma aliyoilalamikia, ya wakubwa kujiwekea silaha hizo na kuwanyima wengine, ilikuwa ya kweli.

Mwaka huo huo, mwezi Aprili, Waafrika wenyewe walionyesha kwamba wanaweza kujilinda, pale majeshi ya Tanzania yalipoingia Kampala na kumng'oa Idi Amin, ambaye utawala wake ulimfanya Mazrui aiache Makerere mwaka 1973.

Wanafunzi wa Mlimani na wa Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, mnaofundishwa Morgenthau, msomeni na Mazrui pamoja naye.