Jeep ya wakubwa ilizaliwa shambani

Wandugu na wadada, leo mutaniruhusu niache mihogo na mahindi pembeni, niandike juu ya motokari.

Ukiuliza vijana waliomaliza masomo, hapa Bukavu ao kule Lubumbashi, ni kitu gani watanunua siku watapata kazi ya maana, jibu linakuja mbio: jeep. Na wanaposema jeep hawamaanishi ile ya Wamarekani peke yake. Ni kila gari refu la matairi makubwa: Prado, Land Cruiser V8, na kwa wale wenye ndoto ndefu, Range Rover. Mtu akishuka ndani ya Range, watu wanasema: "Ule ameshafika." Amefika wapi? Hakuna anayeuliza. Mimi ni agronomu, kazi yangu inaanzia pale barabara inaishia, na njo sababu jambo hili linanishangaza: gari lililotengenezwa kwa ajili ya mtu wa shamba lilipita njia gani mpaka likawa alama ya mtu asiyekanyaga udongo? Tarehe na majina viko. Inafaa tuvijue mbele ya kutoa franga.

Tuanze na vita. Mwaka 1941 jeshi la Marekani lilianza kupokea kwa wingi kale kagari kadogo ka Willys, tairi zote ine zinavuta, na jina "jeep" likasambaa dunia nzima mpaka kwetu. Vita ilipoisha, jeep nyingi za jeshi ziliuzwa kwa raia. Moja ilimfikia Maurice Wilks, mkubwa wa mainjinia wa kampuni ya Rover huko Uingereza, ambaye alikuwa na shamba kwenye kisiwa cha Anglesey, Wales. Aliitumia kwa kila kitu: kuvuta, kubeba, kupita kwenye matope. Lakini ilikuwa imechakaa, na aliona kwamba ikifa hakuna gari ingine ya kuchukua pahali pake. Mwaka 1947, kufuatana na hadithi ambayo familia yake na kampuni wameisimulia miaka yote, alimchorea ndugu yake Spencer, mkurugenzi wa Rover, mchoro wa gari jipya kwenye mchanga wa pwani ya Red Wharf Bay.

Wenzangu wa kilimo watapenda hii: gari la kwanza la majaribio lilikuwa na volani katikati, sawa trakteri. Hawakuwaza salon wala ofisi. Waliwaza mtu anayelima. Waliweka hata pahali pa kutoa nguvu ya motere nje ya gari, ili iendeshe msumeno, pampu ya maji, mashine ya kupura nafaka. Uingereza ilikuwa imechoka na vita, chuma kiligawanywa kwa kipimo, kwa hiyo mwili wa gari ukatengenezwa kwa aluminiamu. Na rangi? Ile kijani ya kwanza ilikuwa rangi iliyobaki ya ndege za jeshi. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ilionyeshwa kwenye maonyesho ya Amsterdam, beyi yake pauni 450. Kampuni ilidhani itakuwa kazi ya miaka michache tu, ya kupata franga za kigeni wakati magari yao ya kawaida hayauziki. Ile "kazi ya miaka michache" iliendelea, umbo likibadilika kidogo kidogo, mpaka tarehe 29 Januari 2016.

Land Rover ile ilikuwa na kasoro moja kubwa, na ndani ya kasoro hiyo njo Range Rover ilitokea. Resori zake zilikuwa za bapa: vipande vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kama za lori. Resori hizo zinabeba mzigo vizuri, hazivunjiki ovyo, na zikivunjika fundi wa kijiji anabadilisha kipande. Lakini ni ngumu. Kila shimo linapanda moja kwa moja mgongoni. Tena, kwa sababu ni ngumu, tairi moja likiingia kwenye shimo, lingine upande wa pili linaweza kunyanyuka juu ya udongo, na tairi lililo hewani halivuti kitu.

Kampuni ilikuwa na injinia mwingine, Charles Spencer King, mtu alimwita Spen. Alikuwa mpwa wa wale ndugu wawili Wilks (ndiyo wandugu, hata Uingereza kuko mambo ya wajomba). Katika miaka ya 1960 aliendesha Rover P6, gari la kawaida la mjini, kwenye ardhi mbaya karibu na kiwanda cha Solihull. Gari hilo lilikuwa na resori za mviringo, zile zinazojizungusha kama nyoka aliyejikunja. Akaona linapita kwenye mashimo kwa utulivu ambao Land Rover haikuwa nao hata kidogo. Yeye na mwenzake Gordon Bashford wakafanya hesabu: tuweke resori za mviringo, ndefu, laini, kwenye gari la tairi ine. Tairi litashuka mpaka chini ya shimo na kubaki limeshika udongo, na mwili wa gari utabaki sawa. Walitafuta mshiko na mwendo. Raha ya abiria ilikuja nyuma yao yenyewe.

Range Rover ilitoka mwezi wa sita 1970. Motere ya V8 ya lita 3.5, ya aluminiamu, ambayo Rover ilinunua haki yake kwa General Motors, nyumba ya Buick. Tairi zote ine zinavuta wakati wote. Breki za disiki mbele na nyuma. Kilometa 150 kwa saa kwenye lami, na kesho yake unaiingiza kwenye matope. Sasa sikilizeni ndani mulikuwa na nini: viti vya plastiki, milango miwili tu, na sakafu ambayo unaweza kuosha na mpira wa maji. Hakuna ngozi, hakuna mbao, hakuna zulia. Mteja aliyefikiriwa ni mkulima mwenye nafasi kidogo, anayebeba mbwa na nyasi kavu mchana, na jioni anaenda mjini kula. Mtu huyo mnamjua, isipokuwa hapa kwetu angekuwa na mbuzi.

Ili tuwe wa haki, Wamarekani wana sababu wakisema walitangulia. Jeep Wagoneer yao ilitoka mwisho wa 1962, na mwaka 1966 kulikuwa tayari Super Wagoneer yenye mapambo. Lakini ile ilibaki na resori za bapa. Gari la anasa lilivaa juu, chini bado lori. Kwa maoni yangu hatua kubwa ni ya King.

Kisha likaja jaribio la kweli. Mwishoni mwa 1971, kundi la jeshi la Uingereza lilianza safari kutoka Alaska kwenda ncha ya kusini ya Amerika na Range Rover mbili. Kati ya Panama na Kolombia barabara inakatika kabisa: ni pengo la Darién, msitu na kinamasi, mvua, mito. Kuvuka pale tu kulichukua karibu siku mia moja mwanzoni mwa 1972. Range ziliteseka. Zilikuwa zimelemewa na mzigo, zimewekewa matairi makubwa kupita kiasi, na diferensiali zikavunjika. Kampuni ililazimika kutuma watu na vipuri. Na munajua ni nani aliyetangulia kufungua njia? Walinunua huko Panama Land Rover ya zamani, ya resori za bapa, nyepesi, iende mbele. Mzee wa shamba akimfungulia njia mtoto wa kisasa. Walifika mwisho mwaka huo wa 1972. Mkubwa wa safari hiyo, John Blashford-Snell, ni yule yule aliyekuja kwetu 1974 kuongoza safari ya mto Zaire, miaka mia moja nyuma ya Stanley kuanza safari yake.

Anasa ilitoka wapi basi? Ilitoka kwa wanunuzi, mainjinia hawakuihusika sana. Mwaka 1973 beyi ya mafuta ilipanda, na V8 ile ilikuwa na kiu ya kutisha: lita 15 mpaka 20 za esanse kwa kilometa 100. Ungefikiri hapo gari litakufa. Kumbe franga zile zile zilizotoka mifukoni mwa madereva zilienda Ghuba, na watu wa Ghuba waliipenda Range. Ilipanda matuta ya mchanga bila kuvunja mgongo. Mafundi wa Uingereza kama Wood & Pickett na Glenfrome wakaanza kuzikata na kuzirefusha kwa ajili yao: milango ine, viti vya ngozi, tairi sita, zingine bila paa ili wenyewe wawinde na mwewe. Kampuni yenyewe, iliyokuwa ndani ya British Leyland na haina franga, ilikuwa inaangalia wengine wakipata faida juu ya gari lake. Miaka kumi na moja ilipita mbele ya kutoa milango ine, mwaka 1981. Mwaka huo huo ikatoa toleo dogo lililobeba jina la gazeti la mitindo Vogue, lenye mbao milangoni na kikapu cha pikiniki. Vitesi vya kujibadilisha vikaja 1982. Mwaka 1987 likaingia rasmi Marekani, na huko walinunua matajiri wa mjini.

Yaliyobaki mnaweza kuyahesabu haraka: BMW ilinunua kundi la Rover 1994, Ford ikachukua Land Rover 2000, na 2008 Tata ya India ikanunua Jaguar na Land Rover pamoja. Gari la Waingereza wakubwa liko mikononi mwa Wahindi, na linaendelea vizuri.

Lakini chini ya gari, huko ambako muuzaji hakuonyeshi, mambo yalibadilika. Mwisho wa 1992 resori za King zilianza kupisha mifuko ya hewa, inayoongozwa na kompyuta. Gari linapanda na kushuka kwa kubonyeza. Ni raha kubwa, mpaka mfuko utoboke ao kompreseri ife. Range ya kizazi cha tatu, iliyoanza 2001, iliacha shasi ya ngazi. Mwili na shasi vikawa kitu kimoja. Mwaka 2012 mwili wote ukarudi kuwa wa aluminiamu, safari hii kwa sababu ya wepesi na si uhaba wa chuma. Nendeni muulize mafundi wa kuchomelea wa mtaani kwenu ni wangapi wanaweza aluminiamu.

Toyota ilipita njia ingine. BJ yake ilitoka 1951, ikaitwa Land Cruiser 1954. Walipotaka raha, hawakuua gari la kazi: waligawa familia. Mwaka 1984 ilianza 70, ile tunayoiona kila siku Masisi na Walikale, ya hospitali, ya mashirika, ya jeshi. Pembeni yake wakaendeleza ndugu zake wa kifahari: 60, 80, 100, 200. Ile 80, iliyotoka mwisho wa 1989, iliwekewa resori za mviringo pande zote ine, miaka karibu ishirini nyuma ya King, lakini juu ya shasi ya ngazi ambayo haikuachwa mpaka leo. Mwaka 1996 waliivalisha suti zaidi, wakaiita Lexus LX. Na 300 ilipotoka 2021, Toyota iliwaomba wanunuzi wa Japani watie sahihi kwamba hawataiuza nje mapema. Walijua vizuri ingekwenda wapi.

Mwaka huo huo wa 2021 wabunge wetu wa taifa walipewa Hyundai Palisade, na sisi wote tulibishana juu ya siasa yake. Wachache waliuliza kama ni jeep. Si jeep. Ni gari la lami lenye kimo: haina shasi ya ngazi, msingi wake ni wa gari la kuvuta mbele. Spen King mwenyewe, mbele ya kufa 2010, alisema wazi kwamba hakuwaza kutengeneza alama ya cheo, na hakupendezwa na watu waliotumia gari la namna hiyo mjini kujionyesha.

Sasa kwa wale wenye franga mkononi. Range ya 2005 iliyotumika inaweza kukujia kwa beyi ndogo kuliko Land Cruiser ya umri ule ule, na sasa munajua kwa nini. Mbele ya kulipa, uliza ni nani mjini mwako ana mashine ya kusoma kompyuta yake, na mfuko mmoja wa hewa utafika baada ya wiki ngapi. Kama gari lilipita Dar es Salaam kutoka Japani, volani iko kuume, na sisi tunaendesha kuume. Kupita lori kwenye mlima itakuwa kazi ya abiria kukuambia "pita" ao "ngoja". Lala chini, angalia shasi kama ina kutu.

Mimi nikipewa kuchagua, ningechukua Land Cruiser 80 ya mazutu yenye motere ya 1HZ, silinda sita, bila turbo. Kwenye mlima inaenda polepole, malori yatakupigia honi. Lakini ni motere ile ile ya 70 nyingi, kwa hiyo vipuri viko kila soko na makanika wa Uvira anaifungua bila kuangalia. Viti ni vya kitambaa, na nyuma munaingia magunia sita ya mbegu.