Urekebishaji wa vioo vya gari

Urekebishaji wa vioo vya gari ni kuvielekeza vioo viwili vya pembeni na kile cha ndani ili dereva aone nyuma na ubavuni akiwa ameketi kama anavyoketi akiendesha. Mjini Kisangani, mkoani Tshopo, kazi hii ndogo ina uzito mkubwa. Kongo huendesha upande wa kulia, lakini mashariki mwa nchi yapo magari mengi yaliyotumika ambayo yaliundwa kwa barabara za Japani, usukani ukiwa kulia. Dereva wa gari la namna hiyo hukaa upande wa mtaro. Kioo cha kushoto, kinachopaswa kumwonyesha anayetaka kumpita, ndicho kilicho mbali zaidi na macho yake.

Tena kioo hicho kwa kawaida kimebinuka. Huonyesha eneo pana, ila hupunguza ukubwa wa kila kitu, na kwa kuwa macho hukadiria umbali kwa ukubwa, pikipiki iliyokwisha kukaribia huonekana ingali nyuma. Nchini Marekani sheria hutaka onyo liandikwe kwenye kioo kilichobinuka cha upande wa abiria.

Kosa lililozoeleka ni kuvielekeza vioo ndani mno, hata ubavu wa gari lenyewe ukajaza sehemu kubwa. Hapo kioo cha pembeni hurudia yale ya kioo cha ndani, na kando ya mlango wa nyuma hubaki eneo lisiloonekana, la kutosha kumficha mwendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, pamoja na mteja wake. Mwaka 1995 mhandisi Mmarekani George Platzer alieleza namna ya kulipunguza. Kwa usukani wa kulia, dereva husogeza kichwa hadi dirisha la kulia, akakielekeza nje kioo cha pembeni cha upande huo mpaka ubaki kuonekana ukingo tu wa gari. Kisha huinamia katikati ya gari na kurekebisha cha kushoto vivyo hivyo. Siku za mwanzo mpangilio huu hubabaisha, na katika kurudi nyuma penye uchochoro haufai, lakini kwa mitaa ya Kisangani kama ile ya Makiso na Mangobo, ambako pikipiki hupita kushoto na kulia, ndio bora.

Gari likipakiwa magunia ya makaa, nyuma huzama na vioo huishia kuonyesha barabara ya karibu tu. Hivyo hurekebishwa baada ya kupakia. Kabla ya kukata kushoto bado dereva hugeuza kichwa, na abiria wa mbele huombwa aegemee kiti asimzibe.