Fisi na Njia Mbili

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Ni methali ya hekima, lakini mwezi uliopita nilijikuta nikiipinga mbele ya wanafunzi wangu.

Wanafunzi hao wana kikundi cha michezo ya mtandaoni. Wana seva yao, huandaa mashindano, na hutegemea mtoa huduma mmoja wa intaneti. Mtoa huduma huyo akiyumba, mashindano husimama. Walikuwa wakibishana wahamie kampuni ipi. Niliwaambia kwamba kumwacha bwana mmoja na kumfuata mwingine si uhuru. Swali la kwanza ni hili: nani anayechagua njia?

Swali hilo lina historia. Intaneti ni muungano wa mitandao mingi inayojitawala, kila mmoja ukiwa na namba yake ya utambulisho. Mwaka 1989 wahandisi wawili, Yakov Rekhter na Kirk Lougheed, walichora kwenye karatasi za mezani, wakati wa chakula, misingi ya itifaki iitwayo BGP. Kwa itifaki hiyo, kila mtandao huwatangazia majirani zake anwani unazoweza kuzifikisha. Mwenye namba na anwani zake mwenyewe, akiwa na majirani wawili, hata mmoja akianguka hupitia kwa wa pili bila kubadili anwani. Anayetumia anwani za kuazimwa ni mpangaji: akihama, huiacha nyumba pamoja na namba ya mlango. Barani Afrika, namba na anwani hizo hugawiwa na AFRINIC, yenye makao yake Mauritius, ambayo ilitambuliwa rasmi mwaka 2005.

Wacheza gemu walilielewa jambo hili mapema kuliko wengi, kwa sababu kwao sehemu ndogo ya sekunde ndiyo kushinda au kushindwa. Nchini Marekani, kampuni ya Riot Games, yenye mchezo wa League of Legends, ilibaini kwamba data za wachezaji wake zilizungushwa mbali kwa kuwa watoa huduma walipendelea njia nafuu kuliko njia fupi. Kuanzia mwaka 2014 ikajenga mtandao wake, Riot Direct, na kuuunganisha moja kwa moja na watoa huduma wengi. Agosti 2015 ikahamisha seva zake za Amerika Kaskazini kutoka Portland, upande wa magharibi, hadi Chicago, karibu zaidi na katikati ya bara. Yenyewe ndiyo iliyochagua njia.

Msomaji asidhani hayo ni mambo ya matajiri peke yao. Hadi mwaka 2000, barua pepe iliyotoka kwa mteja wa kampuni moja ya Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine jijini humo humo ilisafirishwa kwa satelaiti hadi ng'ambo, kisha ikarudi. Satelaiti za aina hiyo ziko takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Novemba mwaka huo watoa huduma wa Kenya walifungua kituo cha kubadilishana data, KIXP, ili mawasiliano ya ndani yabaki ndani. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika kwa mdhibiti, na katika muda wa wiki mbili hivi kituo kikafungwa. Kilifunguliwa tena Februari 2002, baada ya kupewa leseni. Waya na vifaa vilikuwapo muda wote. Kilichokosekana ni ruhusa, na ruhusa ni jambo la kisiasa.

Hata hivyo, kuwa na njia mbili hakutoshi. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika upande wa kusini mwa Afrika. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya, kiasi kwamba Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulisitisha huduma kwa umma kwa siku mbili. Februari ya mwaka huo huo, Seacom ilikuwa imekwisha kukatwa katika Bahari ya Shamu. Taasisi iliyokuwa na mikataba miwili, mmoja ukipita EASSy na mwingine Seacom, iligundua kwamba njia zake mbili zilikuwa njia moja yenye ankara mbili.

Ndiyo maana niliwashauri wanafunzi wangu wasianze kwa kuuliza bei. Waulize kwanza: anwani hizi ni zetu au za kuazima? Data zetu zinapita mkongo upi? Mtoa huduma wa pili anapita wapi? Kikundi kidogo hakimudu gharama hizo peke yake, lakini vikundi kadhaa vikiungana na chuo vinaweza. Maswali hayo hayo yanamhusu mtumishi wa umma anayesaini mkataba wa intaneti wa hospitali au halmashauri. Pale kinachosimama si mchezo.

Fisi alishindwa kwa sababu hakujua kila njia ilielekea wapi. Sisi nasi tunalipia njia mbili bila kuuliza zinapita wapi.