Maji, Pumzi na Masimulizi: Historia ya Kutibu Dhiki ya Nafsi Arua na Koboko

Makala haya yanajadili namna watu wa Arua na Koboko, katika eneo la West Nile, Uganda, walivyotafuta nafuu ya maradhi yatokanayo na dhiki katika kipindi kinachozidi karne moja. Hoja yake ni kwamba tiba hizo, za kale na za sasa, hukutana katika jambo moja: hazitenganishi mwili na nafsi. Aliyezisoma kama uasi mtupu au ushirikina mtupu aliiacha nusu ya historia.

Mfano wa kwanza ni Yakan. Mwishoni mwa karne ya 19, nchi ya Walugbara ilikumbwa na uvamizi wa wasaka watumwa, magonjwa ya mlipuko na sotoka iliyomaliza ng'ombe. Katika dhiki hiyo wazee waliyafuata maji ya Rembe, nabii wa Kikakwa. West Nile ilipoingizwa Uganda mwaka 1914, na kodi ikaja pamoja na utawala mpya, Rembe alikaribishwa tena. Waliokunywa maji yake waliahidiwa kinga dhidi ya risasi na kurejea kwa wafu wao na mifugo yao. Walicheza, wakatetemeka, wakafanya gwaride kwa vijiti mithili ya bunduki. Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka mara moja maji ya Kinjikitile kule Ngarambe mwaka 1905.

Serikali iliona uasi tu. Rembe alinyongwa Yei mwaka 1917, na mwaka 1919 wafuasi wa Yakan wakapambana na askari huko Udupi. Ni kweli kwamba maji hayakuzuia risasi. Hata hivyo, Yakan haikufa. John Middleton, aliyefanya utafiti kwa Walugbara kati ya 1949 na 1952, aliikuta ikihesabiwa kuwa pepo anayemtetemesha mtu na kuhitaji kutulizwa. Kilichokuwa silaha ya umma kikawa jina la maradhi ya mtu mmoja mmoja, na kutetemeka kukaendelea kuwa lugha ya mwili kueleza yasiyosemeka.

Mfano wa pili ni uhamisho. Baada ya Idi Amin kupinduliwa mwaka 1979, na hasa baada ya mapigano ya Oktoba 1980, wakazi wengi wa Koboko na Arua walikimbilia Sudan na Zaire. Mauaji ya Ombaci ya Juni 1981 yaliongeza majeraha. Kwa Wakakwa, ambao wanaishi pande zote tatu za mpaka, ukimbizi uliwapeleka kwa ndugu wa lugha moja. Lakini undugu haukufuta kiwewe. Miaka iliyofuata njia iligeuka: Wasudani nao wakaja kutafuta hifadhi Uganda.

Hapo ndipo mfano wa tatu unapoanza. Katika makazi ya wakimbizi ya Imvepi, Frank Neuner na wenzake waliwapa wakimbizi wa Sudan nafasi ya kusimulia maisha yao kwa mpangilio, tangu kuzaliwa, wakipitia yaliyowaumiza. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2004, yalihusu watu 43. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 29 ya waliosimulia bado walikuwa na maradhi ya kiwewe, dhidi ya takriban asilimia 80 katika makundi mengine mawili. Katika makazi ya Rhino Camp, utafiti wa Wietse Tol na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020, uliwahusisha wanawake 694 wa Sudan Kusini kutoka vijiji 14. Waliofundishwa walikusanyika kwa vikao vitano, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa, wakajizoeza kupumua polepole na kukanyaga ardhi kwa nguvu mawazo yanapozidi. Miezi mitatu baadaye dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao.

Tofauti ni kubwa: Yakan iliahidi muujiza, tiba ya Rhino Camp inaahidi nafuu, nayo imepimwa. Lakini mwili unaotulizwa, kundi linaloketi pamoja na maumivu yanayopewa jina si vitu vigeni katika ardhi hii. Mtabibu anayeijua historia hiyo hatamcheka mgonjwa anayetaja pepo. Atamuuliza kwanza ni lini alianza kutetemeka, na nini kilitokea kabla ya hapo.